Vidonge vya Nerima Haviko Kwenye Kadi

Jumatatu saa mbili asubuhi Nerima alifuta vumbi la saruji kwenye dirisha la famasi, katika hospitali moja ndogo nje ya Tororo, akawaambia wagonjwa arobaini kwamba dawa ya presha imeisha. Alikuwa katika mwezi wa tatu wa mafunzo ya kazini. Mwaka ukiisha na daftari lake likisainiwa, angepata leseni. Lisiposainiwa, shahada yake ya famasi ni karatasi ya kufungia mandazi.

Mama Imalingat, mmoja wa wagonjwa hao, hakubanduka dirishani.

"Daktari, musawo wangu, wewe hesabu tu. Mimi natoka mbali, siwezi rudi mkono tupu."

Nerima alikuwa amechoka kubishana. Akavuta sinia la kuhesabia vidonge, likiwa tupu, akawa anasukuma hewa kwa kisu butu, tano tano, kama alivyofundishwa chuoni. Alipofika thelathini, vidonge thelathini vilikuwa kwenye sinia. Akavitia kwenye bahasha, akaandika "kimoja kila asubuhi," akaita anayefuata. Huyo alitaka dawa ya malaria.

Kufikia mwezi wa sita watu walikuwa wakitoka Buhehe na Masinya, na Wakenya wakivuka mpaka pale Busia alfajiri, kuja kupanga foleni. Presha zilishuka, homa zikaisha. Aliyekerwa alikuwa Owor peke yake, mfamasia msimamizi, ambaye ndiye wa kusaini daftari.

"Hivi vidonge vimetoka pakiti gani?"

"Hakuna pakiti, bosi. Nahesabu, vinakuja."

"Hiyo nimeona. Nauliza namba ya pakiti. Bila namba siandiki kwa kadi ya stoo. Na kama haiko kwa kadi, wewe hujatoa dawa."

"Na watu waliopona?"

"Wako kwa kadi gani?"

Jamani! Mtu anatibu nusu ya wilaya hadi miguu inamvimba kwa kusimama, halafu anaambiwa hajafanya kitu.

Ripoti za Owor, hata hivyo, zilisema kweli: hakuna mgonjwa aliyerudi nyumbani bila dawa. Wakubwa walizisoma, wakafurahi, wakaifuta hospitali kwenye safari za gari la dawa. Stoo ikapangwa viti vya plastiki, ikawa chumba cha mikutano.

Mwaka ulipoisha Owor alifungua daftari la Nerima, akapekua polepole. Dawa zilizotolewa tangu mwezi wa tatu: sifuri. Akalifunga bila kusaini.

"Pole, dada. Utarudia mwaka."

"Mwaka mzima?"

"Mzima."

Kisha Owor akatoka, akazunguka nje, akasimama kwenye foleni nyuma ya wagonjwa wengine. Zamu yake ilipofika akapitisha cheti chake cha dawa ya presha dirishani.

"Nipe vya miezi miwili, naenda likizo."

Nerima alivuta sinia, akahesabu huku machozi ya hasira yakimtoka. Vilikuja sitini kamili. Owor akavimwaga kiganjani, akavihesabu upya mbele yake, akaondoka.