Nne Isiyo na Nukta

Bronwyn Tyrrell alirudi nyumbani kutoka hospitali, na kabla hata ya kuvua koti akafungua kompyuta. Majirani zake wa Hobart wangemcheka, lakini wao hawajui kulea kifurushi cha programu. Yeye alikuwa amekilea kimoja, Pademelon, cha kusoma vipimo vya mvua, tangu nywele zake zikiwa bado nyekundu. Linux, mfumo wa kompyuta wa Bronwyn na wenzake, hujengwa na watu wa kujitolea, na kila kifurushi kina mlezi wake. Alipolala na mirija mwilini, kilichomtia nguvu kilikuwa kimoja tu: nikitoka, Pademelon inaningoja.

Aliiacha kwenye toleo la tatu. Watu wa kazi hii wana adabu yao. Ukimrekebishia mwenzio kifurushi akiwa hayupo, huandiki nne, unaandika tatu nukta moja. Nukta hiyo ni hodi. Inasema mwenyewe yupo, mimi napita tu. Ukiandika nne kavu, umeshahamia na virago vyako.

Kwenye skrini palikuwa na nne kavu.

Bronwyn akampigia Callum Petrie wa Launceston, ambaye jina lake ndilo lililokaa sasa penye jina la mlezi, na ambaye kazi hii alifundishwa na Bronwyn mwenyewe.

"Bron! Umetoka? Mbona kimya kimya, tungekuja na keki!"

"Keki kaile mwenyewe. Nukta yangu iko wapi?"

Kwenye simu zikasikika pumzi za Callum tu.

"Usijifanye simu imekatika, nakusikia unavyohema."

"Sikia, Bron. Kulikuwa na kasoro ya usalama, ikabidi tuizibe haraka..."

"Ungeiziba kwa tatu nukta moja! Nani alikufundisha, kama si mimi? Jina langu umelitoa kwa nini?"

"Sikujiamulia, haki ya Mungu. Nukta nilitaka kuiweka. Ila nilimpigia Des kwanza."

Des ni mumewe. Wakati huo alikuwa jikoni anapasha supu ya malenge, anapiga mluzi.

"Akasemaje?"

"Bron, yaishe bwana."

"Akasemaje, Callum?"

"Akasema nisihangaike na nukta. Nichukue moja kwa moja."

Alikata simu. Hasira zote juu ya Callum zilimwisha palepale. Callum alikuwa mpumbavu tu aliyefanya alivyoambiwa. Lakini Des alijua maana ya nukta. Maisha yao yote ya ndoa alikuwa amelishwa habari za nukta hizo mezani pamoja na viazi, mpaka akawa anazijua kama mwenye kazi.

Bronwyn alikwenda jikoni ameshika ukuta.

"Des, Callum alikuuliza habari ya nukta."

Mluzi ukakatika.

"Madaktari walikwambia nakufa?"

"Hapana. Walisema tusubiri."

"Ehe?"

Des alipunguza moto, ingawa supu haikuwa imechemka. Hakumtazama.

"Nilichoka kusubiri, Bron. Nilikuwa nimeshaanza kuzoea."

"Kuzoea nini?"

Des alifungua kabati akatoa bakuli, akalijaza supu, akaliweka mezani na kijiko chake, akavuta kiti akae. Kisha akakumbuka, akarudi kabatini kutoa la pili.