Mbuzi Wangu na Darasa Lisilo na Taka

Nyumba yangu hapa Iftin imepakana na shule, ukuta kwa ukuta, na kwa miaka minne mbuzi wangu Addey amekuwa akila kikapu cha taka cha darasa la tano. Makaratasi, maganda ya tikiti, hata kasha la chaki. Asubuhi ananipa maziwa, natia kwenye chai, namshukuru Mungu na watoto wasiojua hesabu, maana hao ndio wachanaji wakubwa wa karatasi.

Kisha akaletwa Maalim Mursal, kijana mwembamba mwenye neno moja tu mdomoni: taka. Karatasi iandikwe pande zote mbili. Penseli ichongwe mpaka ibaki kama jino. Maganda yafukiwe shimoni yawe mbolea. Wiki moja tu, kikapu kitupu, na kiwele cha Addey vilevile.

Siku tatu nilikunywa chai ya rangi! Ya nne nikamfuata mlangoni.

"Maalim, watoto wako hawakosei tena?"

"Wanakosea, Ayeyo," akasema, maana ndivyo tuitwavyo sisi mabibi hapa, "lakini wanafuta."

"Basi mbuzi wangu ale ufutio?"

"Ayeyo, Alhamisi afisa wa elimu anakuja kuona darasa lisilo na taka. Tafadhali, mbuzi apelekwe malishoni."

Malishoni! Kwa magoti haya?

Nikachungulia ndani. Kuta zimejaa makatoni ya tambi, yameandikwa upya: majedwali ya kuzidisha, ramani ya Kenya, mwili wa binadamu. Gundi watoto wameipika wenyewe, uji wa unga wa mahindi na sukari kidogo. Lakini Maalim kwao ni Banissa, kwa watu wa ngamia; mbuzi hamjui.

Alhamisi kamba ya Addey ikafunguka. Kamba za siku hizi hazina adabu.

Afisa, mama mmoja aitwaye Fartun, aliingia na kumkuta Addey juu ya dawati. Alikuwa ameshamaliza Kenya yote, kutoka Mandera mpaka Mombasa, na sasa anaanza jedwali la saba. Mimi nilikuwa mlangoni namwita, kwa sauti ya chini ili asinisikie.

"Huyu ni nani?" Fartun akauliza.

Maalim akanitazama. Jasho lilimtoka hadi kwenye viatu.

"Huyo... ni hatua ya mwisho," akasema. "Tunapunguza, tunatumia tena, halafu kisichofaa tena anakipokea yeye."

"Wallahi, hii sijaiona shule yoyote!" Fartun akatoa kalamu. "Na maganda?"

"Pia," nikadakia. "Maalim ameniahidi, kila siku. Sivyo, Maalim?"

Akanimeza kwa macho. "Ndivyo, Ayeyo."

"Na ya darasa la sita?"

"Ayeyo!"

"Mama anaandika, mwanangu. Usimcheleweshe."

"Na la sita," akasema Maalim, huku Addey akimalizia saba mara tisa.