Mwambie Apande Taratibu

Vipandio viwili vya chuma, vya kuinulia gari, vilikuwa vimelazwa uani, mbele ya magurudumu ya gari dogo jeupe, kama ndimi mbili zilizotolewa nje kumkebehi mtu. Nyuma ya usukani alikaa dada mtu, mkunga wa miaka mingi, mgongo umemnyooka utadhani amemeza rula. Kando ya kipandio cha kushoto alisimama mdogo mtu, mwoka mikate, mikono kiunoni. Na baina yao, juu ya kigoda, aliketi mama yao na kikombe cha chai, kwa kuwa siku hizo bila yeye hakuna neno lililoweza kuvuka kutoka kwa binti mmoja kwenda kwa mwingine.

"Mama," akasema mwoka mikate huku akiutazama ukuta, "mwambie apande taratibu. Gia ya kwanza. Asikanyage mafuta kama anayekimbizwa na polisi."

Mama akapiga funda moja la chai, kisha akageukia gari. "Mwanangu, mdogo wako anakusalimu. Anasema upande polepole, maana roho yako kwake ni ghali."

"Sikusema hivyo!"

"Mjumbe hauawi," akajibu mama bila kugeuka.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu wanawe waliponuniana. Wajumbe wengine hutia maneno chumvi; yeye alitia sukari, tena kwa kijiko cha kupakulia. Neno liliondoka upande huu likiwa na miiba, likafika upande wa pili limevaa shanga. Wahenga walisema ndugu wakigombana, wewe chukua jembe ukalime. Mama alikuwa na jembe, lakini alipenda zaidi kuwa karibu na habari.

Mwoka mikate huyo watu walimwita Chachu, wala si kwa sababu ya mikate peke yake. Alikuwa mwepesi wa kuumuka. Kineno kidogo tu, na mara ungemwona anapanda, anapanda, mpaka anafurika bakuli. Uzuri wake ni kwamba alikuwa mwepesi wa kunywea vilevile, na ugomvi wake haukuwa na desturi ya kulala na kuamka. Safari hii ulilala, ukaamka, ukapiga mswaki, ukaizoea nyumba.

Kisa chenyewe kilianzia dukani kwake. Mteja mmoja, mwanamke ambaye lazima aminye mikate yote kabla ya kuchukua mmoja, alimwambia, "Hongera zenu! Tumesikia dada yako kapewa wodi nzima ya wazazi, huko mbali. Mtabaki wapweke." Chachu alitabasamu, akafunga mkate, akaingia nyuma ya tanuri na kujibwaga juu ya gunia la unga. Mteja anajua. Hata muuza mboga wa jirani, kumbe, anajua. Yeye aliyelala kitanda kimoja na dada yake hadi wote wawili wakawa hawaenei, yeye hajui. Jioni ile alikwenda kwa dada yake ameumuka pomoni, akasema maneno ambayo mtu hujutia hata kabla hajamaliza kuyasema. Naye Mkunga, aliyezoea kuamuru na kutiiwa na wanawake walio katika uchungu, alimjibu kwamba hakujua kuwa siku hizi uhamisho huombewa ruhusa kwa waoka mikate.

Tangu hapo, kimya.

Na kesho alfajiri Mkunga alikuwa anaondoka. Hilo ndilo lililomkaa Chachu kooni kama mwiba wa samaki. Alijua kwamba watu wakiagana wamenuniana, kununa nako hufunga mizigo. Husafiri, hufika, hupanga chumba huko, na baadaye hakuna tena ajuaye pa kuanzia. Alilijua hilo, na bado ulimi ulikuwa mzito. Mikono tu ndiyo haikuwa mizito. Aliposikia kwamba gari lile litakwenda safari ya kutwa nzima na oili yake kuukuu, nyeusi kama masizi ya sufuria, hakuvumilia. Gari lake la kupelekea mikate alilihudumia mwenyewe uani kwake, juu ya vipandio hivi hivi, na hakuna fundi aliyewahi kuona sura ya bolti zake. Asubuhi hiyo alivibeba hadi kwa mama yao, ambako dada yake naye aliishi, akavishusha kwa kishindo, akatangaza kwamba oili itabadilishwa.

"Gari halijanikosea," alimwambia mama, kwa sauti ya kusikika hadi dirishani kwa dada yake.

Lakini vipandio vina kasoro moja ambayo Chachu hakuifikiria alipokuwa akijitapa: vinataka watu wawili. Magurudumu yakishavikaribia, anayeendesha havioni tena. Mbele yake anaona boneti, na mbele ya boneti anaona mbingu. Aliyesimama kando ndiye macho yake. Na macho yenyewe, asubuhi hiyo, yalikuwa yanautazama ukuta.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Magurudumu yaligusa vipandio, na vipandio, badala ya kupandwa, vikateleza mbele juu ya saruji. Gari likavifuata, vikateleza tena, kama mtoto anayekwepa kuogeshwa.

"Mama," ikasema sauti ya Mkunga kutoka dirishani, "hebu muulize huyo fundi wako. Vitu vyake viliundwa vipandwe au vikimbizwe?"

"Dada yako anaustaajabia ustadi wako," akasema mama. "Ila ana swali dogo juu ya vipandio."

Chachu aliuma mdomo asicheke. Kosa lilikuwa lake, alilijua. Saruji ya kwake ilikuwa na mikwaruzo. Hii ya mama ilisuguliwa kila asubuhi mpaka ikawa laini kama sahani. Akaenda mlango wa jikoni, akang'oa mazulia mawili ya mpira ya kufutia miguu, akayatandika: nusu chini ya kipandio, nusu chini ya gurudumu, ili uzito wa gari lenyewe uyakandamize yasisogee.

"Mwambie ajaribu tena. Taratibu."

"Anasema ujaribu tena, mpenzi."

Safari hii vipandio vilitulia. Injini ikanguruma kwa sauti nene, gari likainua pua, likapanda kidogo kidogo. Chachu akaacha kuutazama ukuta. Akainama, jicho kwenye gurudumu. Huko juu, mwishoni mwa mpando, kila kipandio kilikuwa na bonde dogo ambamo gurudumu hukaa. Baada ya bonde kulikuwa na ukingo mfupi, na baada ya ukingo hakukuwa na kitu ila hewa. Gurudumu likafika bondeni, likatua.

"Mwambie asimame," akasema Chachu.

Mama akaweka kikombe chini. Akapangusa midomo. "Mwanangu mpenzi," akaanza, "mdogo wako, kwa heshima na taadhima, anakuomba kwamba, endapo haitakuwia vibaya..."

Gurudumu likatoka bondeni, likaanza kuupanda ukingo.

Chachu aliyaona yote kwa mkupuo mmoja: gari limedondoka kwa tumbo, oili imemwagika uwanja mzima, na dada yake kichwa kimejipigiza kwenye kioo.

"Dada, basi!" akapiga ukelele. "Basi, Dada! Basi!"

Gari likasimama. Likasita hapo ukingoni kwa muda uliotosha mtu kukumbuka madhambi yake, kisha likajirudisha lenyewe bondeni na kutulia. Breki ya mkono ikalia. Injini ikazimwa. Mlango ukafunguka, na Mkunga akashuka kwa uangalifu, mguu mmoja kisha mwingine, maana gari lilikuwa limeinuka. Alipogeuka, uso wake haukuwa ule wa asubuhi. Macho yalikuwa yanameremeta.

"Haya," akasema, moja kwa moja, bila mjumbe. "Basi. Na mimi yamekwisha, mdogo wangu."

Chachu akafungua mdomo. Kisha akaelewa, na mdomo ukabaki wazi.

Kwa maana tangu utotoni, kati yao wawili, "Dada, basi" lilikuwa neno la anayeomba suluhu. Aliyelitamka kwanza ndiye aliyekuwa ameshindwa, na usiku huo vyombo vya kuosha vilikuwa vyake. Naye amelitamka, tena mara tatu, tena kwa ukelele, mbele ya shahidi! Ilhali alikuwa anazungumzia breki. Yeye ndiye aliyefichwa habari, yeye ndiye aliyeumizwa, na sasa yeye tena ndiye aonekane ameomba radhi? Akahisi anaumuka. "Nilisema breki" lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi, linasubiri kusukumwa tu.

Nyuma ya bega la dada yake, mama alikuwa amesimama kutoka kwenye kigoda. Alimkazia Chachu macho, na ulikuwa ujumbe wake wa kwanza kwa siku zote hizo ambao haukutiwa hata punje ya sukari.

Chachu akalimeza neno lile. "Liache kwenye gia," akamwambia dada yake. "Nami naweka mawe."

Akakinga magurudumu ya nyuma kwa mawe, akalisukuma gari kwa bega kulia na kushoto kuhakikisha halichezi, akatandaza boksi lililokunjuliwa, akajitelezesha chini yake pamoja na beseni na spana. Huko chini alijiona mwizi. Amani ameipata, lakini ameipata kwa kosa la kusikia, kama mtu aliyepewa salamu ya mwingine naye akaitikia. Akaigeukia bolti ya kutolea oili, akaisukuma. Bolti haikutikisika. Akaisukuma tena mpaka mshipa ukamsimama shingoni.

Boksi likachakarika. Mkunga alikuwa anajiburura kuingia upande wa pili, tochi mkononi, bila kualikwa, gauni lake la nyumbani likisomba vumbi lote la uani.

"Utachafuka," akasema Chachu.

"Kazi yangu unaijua, nawe unaniambia habari za kuchafuka?" Mkunga akamulika bolti. "Usilazimishe. Unabana pumzi, ndiyo maana. Pumua kwanza. Haya. Sasa sukuma."

"Dada, hii ni bolti."

"Sukuma, nimesema!"

Chachu akasukuma, na bolti, labda kwa kuzoea kwamba sauti ile haikaidiwi, ikalegea. Oili ikachuruzika, beseni likaitika.

"Katoka!" akashangilia Mkunga.

"Mweusi tii," akasema Chachu, "na wala halii." Wakacheka, wakacheka mpaka Chachu akagonga paji la uso kwenye bomba la moshi, na hilo nalo likawapa cha kucheka upya.

Walipotulia wakabaki wamelala chali, bega kwa bega, wakisikiliza oili ikipungua. Pale chini hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake. Wote wawili walielekea chuma. Pengine hilo ndilo lililosaidia.

"Unajua kwa nini sikukwambia wewe kwanza?" akauliza Mkunga.

"Sijui."

"Niliwaambia wale ambao nilijua watasema hongera. Wewe ningekwambia, ungenitazama. Ungenitazama tu hivyo unavyotazamaga. Na mimi nisingekwenda tena. Nami nataka kwenda, mdogo wangu. Nataka sana, mpaka naona haya."

Chachu akalisogeza beseni kidogo. Hakuwa amelifikiria hilo hata mara moja: kwamba dada yake aliogopa kitu, na kwamba kitu chenyewe ni yeye. Kile kilichokuwa kimemjaa kifuani tangu siku ile ya gunia la unga kikaanza kunywea chenyewe, polepole, na chini yake pakabaki huzuni ya kawaida, ndogo, inayobebeka.

"Ningesema hongera," akasema.

"Lini?"

"Baada ya kulia."

Mkunga akacheka puani. Tone moja la oili likadondoka, kisha jingine.

"Dada."

"Naam."

"Ile basi niliyosema." Chachu akavuta pumzi. "Nilikuwa naliambia gari."

"Najua."

"Unajua?"

"Mimi si kiziwi. Mtu anayeomba suluhu hapigi kelele kama anayeona nyoka." Mkunga akahamishia tochi mkono wa pili. "Lakini nilikuwa nimezunguka nyumba hii siku zote hizi natafuta pa kuingilia. Nikaona upenyo. Mkunga hangoji mlango ufunguke wote."

Chachu akageuza kichwa, ingawa pua ilikaribia kugusa chuma, akamtazama. Dada yake alikuwa na doa la oili shavuni, na mvi ambazo Chachu hakuwa amezigundua.

"Basi, Dada," akasema, na safari hii neno halikuhusu gari.

Kazi iliyobaki ilikwenda kwa kuongozana. Bolti ikakazwa, chujio jipya likafungwa, oili mpya, ya rangi ya asali, ikamiminwa kwa faneli. Injini ikawashwa kidogo, wakachungulia chini kama kuna kinachovuja, wakaona hakuna. Walikuwa wakizungumza wote wawili kwa mpigo, habari za mji ule wa mbali, habari za nyumba aliyopewa, kama ina jiko la maana. Mama alikuwa amerudi kwenye kigoda chake, chai imepoa, hana wa kumpa ujumbe.

"Naona mmeanza kuambizana wenyewe," akasema kwa masikitiko. "Haya. Bila mimi mtagombana."

Likabaki la kuliteremsha gari. Chachu akaondoa mawe, akahamia nyuma, pembeni, mahali ambapo dada yake angemwona kwenye kioo. Mkunga akaingia, akafunga mlango, akaweka gia. Kwenye kile kioo kidogo macho yao yakakutana. Chachu akanyoosha mkono, akaanza kuvuta hewa kwa vidole.

"Rudi," akasema. "Rudi, Dada. Taratibu."

Gari likanyanyuka kutoka bondeni, likaanza kushuka.

"Rudi. Usiogope, nakuona. Rudi."

Magurudumu yakagusa zulia, yakagusa saruji. Gari likatulia sawasawa, pua imeshuka, na injini ikazimwa. Mkunga akatoa kichwa dirishani.

"Mbona bado unaniita? Nimeshafika chini."

"Najua," akasema Chachu, na mkono wake haukushuka. "Rudi."