Grisi Nyekundu Kwenye Jeki

Fundi Sikio alikuwa na ugonjwa mmoja: alisikia kila kitu isipokuwa watu. Gari likiwa bado lipo barabarani, yeye aliye gereji ameshasema, "Hilo, belti imelegea," na kweli utakuta imelegea. Watu wakamsifu, wakambandika hilo jina, na sifa zikampanda kichwani. Mama Pancha, mziba matairi wa mlango wa pili, alimtania kila siku: "Asiyesikia la mkuu, fundi, huvunjika guu." Sikio alicheka tu. Guu lake lilikuwa zima.

Asubuhi moja dada yake mkubwa alimletea gari lake la kijani, kuukuu, la siku nyingi. Dada huyu ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alikuwa mkunga, na mchana huo alikuwa anashuka bondeni kwenye zahanati yake, pamoja na binti wa Sikio wa miaka sita, aliyekuwa anakwenda kukaa kwa shangazi yake likizo nzima.

"Gari hili linanipiga kama nimelikosea," dada alisema, huku kajishika kiuno. "Kila shimo nalipokea mimi. Halafu kuna kitu kinagonga kushoto nikikata kona. Ko. Kinanyamaza. Ko tena."

Sikio akalikandamiza gari kwa mbele, akaliachia. Likadunda mara nne kabla ya kutulia. Akachungulia nyuma ya gurudumu, akaona mafuta yamechuruzika.

"Shokapu zimekufa. Ndizo zinazokuumiza."

"Na ile ko?"

"Ni hizo hizo."

"Mimi naona siyo. Ile inatoka chini zaidi."

"Dada, wewe zalisha, mimi nitengeneze!"

Dada alimkabidhi ufunguo. Haya. Mtoto umemlea mwenyewe, umembeba mgongoni, leo anakufundisha kazi.

Sikio akafunga shokapu mbili mpya za mbele na mipira yake ya juu. Mwisho akapiga jeki, akalishika gurudumu la kushoto juu na chini, akalitikisa kwa nguvu. Kimya. Halikucheza hata kidogo. "Limepona," akamwambia binti yake, akambeba, akamfunga mkanda kiti cha nyuma na kumbusu kwenye paji la uso. Saa sita mchana wakaondoka, mtoto anapunga mkono mpaka gari likakata kona.

Sikio akabaki anafuta vifaa vyake. Alipofika kwenye jeki, kitambaa kikatoka na grisi nyekundu. Akaisugua kati ya vidole. Ilikuwa mbichi, imechanganyika na kutu, inakwaruza kama mchanga. Grisi yake yeye ilikuwa ya njano. Hii imetoka wapi?

Kisha akajua.

Imetoka kwenye boljointi, kile kifundo cha chuma kinacholishika gurudumu kwa chini lisichomoke. Mpira wake ulikuwa umepasuka na kutu imekula ndani. Mbona yeye hakukiona? Kwa sababu miaka ishirini ametengeneza pikapu, na kwa pikapu zile jeki huwekwa chini ya mkono wa gurudumu, kile chuma kinachobeba kifundo. Mikono yake ilikwenda pale pale kwa mazoea. Lakini gari dogo la dada si pikapu. Gurudumu lake lilitakiwa lining'inie wazi ndipo litikiswe. Jeki ikikaa pale inakibana kifundo, na ubovu wote unajificha. Alikuwa amemshikilia mgonjwa mguu uliovunjika, kisha akamwuliza kama unacheza.

"Yalaa, nimewaua!"

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena, mara tano. Dada hapokei simu akiwa kwenye usukani, na aliyemkataza ni nani? Ni yeye huyo huyo Sikio.

Mama Pancha alitokeza na tairi mkononi. "Mbona umesawajika hivyo?"

"Gurudumu la dada litachomoka kule mteremkoni. Na mwanangu yumo."

Siku hiyo Mama Pancha hakutania. Alilitupa tairi chini, akawasha pikipiki yake. "Panda."

Mteremko ule ulikuwa na kona saba. Kushoto kwako ni mwamba, kulia ni shimo unaloona vilele vya miti yake tu. Sikio alimng'ang'ania mama wa watu kiunoni, macho yake yakitafuta rangi ya kijani kila mahali, kwenye majani, kwenye mawe, huko chini shimoni ambako hakutaka kabisa kuangalia. Wakapita kona ya pili. Kwenye kona ya tatu muuza maji alikuwa amekaa juu ya ndoo yake.

"Gari la kijani limepita hapa?"

"Limepita muda si mrefu. Lilikuwa linagonga hilo! Mtoto kanipungia mkono."

Kona ya nne ilikuwa na vipande vya kioo barabarani, na moyo ukamruka mpaka alipoona vumbi juu yake. Vya zamani. "Mungu wangu, nichukue mimi," alisema kwa sauti, hakujali nani anamsikia. "Mimi ndiye niliyekosea, nichukue mimi."

Kwenye kona ya tano waliliona.

Limeegemeza pua kwenye mwamba, milango miwili wazi, ndani hamna mtu. Juu ya lami, karibu na gurudumu la kushoto, kulikuwa na kiatu kimoja cha mtoto. Sikio alishuka kabla pikipiki haijasimama, akaanguka, akainuka, akakiokota. Kilikuwa bado na joto, au ni jua, hakujua. Akakimbilia ukingoni kuchungulia shimoni.

"Baba! Tuko huku!"

Walikuwa juu ya mwamba kidogo, kwenye kivuli. Dada amekaa juu ya jiwe, mguu wa mtoto uko mapajani mwake, anamtoa mwiba alioukanyaga kiatu kilipomvuka.

"Ile ko ilibadilika," dada alisema taratibu. "Ikawa inagonga hata nikinyoosha. Nikasema hapa sishuki tena, nikaliegemeza kwenye mwamba. Mjamzito akiniambia anasikia kitu tumboni, simwambii kapike. Naweka mkono."

Sikio akaenda kwenye gari. Alitoa jeki ya gari kwenye buti, akaiweka chini ya bodi, mahali pake, akainua. Gurudumu likaning'inia. Alilishika kwa mikono miwili, akalivuta mara moja tu. Likacheza kama jino la mtoto, kisha kifundo kikachomoka na gurudumu likalala upande. Mbele yao zilibaki kona mbili, zile kali kuliko zote.

Mama Pancha aligeuka akaangalia pembeni.

Mtoto alikuja anachechemea, mguu mmoja peku, akaliangalia gurudumu, kisha akamwangalia baba yake. "Baba, si ulisema limepona?"

"Nilisema, mama. Nilikosea." Akampigia magoti mwanawe, akamvalisha kiatu, na vidole vilivyofunga nati maelfu vikashindwa kufunga kamba. Alilia bila kujificha.

Kisha akapanda mpaka kwenye lile jiwe, grisi nyekundu bado ipo mikononi, akasimama mbele ya dada yake kama siku zile za utoto alipovunja kitu cha watu.

"Dada. Ile sauti ulianza kuisikia lini?"

Dada mkubwa alipangusa vumbi kwenye jiwe.

"Leo ndiyo unaniuliza," alisema, akasogea kumpisha akae.