Sijala

Fomu ya zamani ilikuwa na mstari wa shahidi. Ulikuwa chini kabisa, ukurasa wa nne, kwa herufi ndogo: jina la shahidi, sahihi, tarehe. Ofisini hakuna aliyeujali. Shahidi angeweza kuwa mpita njia yeyote, hata mchoma mahindi wa kando ya barabara. Lakini mimi na Fatna tuliuokota mstari ule tukaugeuza ukuta.

Watu hudhani kuuza bima ni kuvaa koti na kuongea Kizungu. Kuuza bima ni kuingia nyumbani kwa wanaume usiowajua, ukakaa kwenye kochi lao, ukawauliza umri wao na magonjwa yao. Mlango unafungwa, eti kelele za nje zimezidi. Soda inaletwa. Mtu anakuuliza kama umeolewa, na swali hilo haliko kwenye fomu. Ukikasirika umempoteza mteja, ukicheka umempa tumaini. Miaka sita nimefanya kazi hii na bado sijajua uso wa kuvaa.

Kwa hiyo tulikuwa tukienda wawili. Mteja akiuliza, "Na huyu mwingine wa nini?" Fatna anajibu bila kupepesa jicho, "Huyu ni shahidi. Fomu haikamiliki kama hayuko." Ulikuwa uongo mtupu, na Fatna, Mnubi wa Makina aliyelelewa kwa madrasa na sala tano, aliusema vizuri kunishinda. Siku yangu ya kuuza, yeye ndiye shahidi. Siku yake, mimi. Tukawa tunaitana hivyo hata kwenye simu: Shahidi, niaje? Shahidi, uko wapi?

Januari kampuni ikaleta app. Fomu ikaingia kwenye simu, sahihi ikawa nambari ya siri inayotumwa kwa mteja, na mstari wa shahidi ukafa. Muchiri, meneja wetu, alitangaza kwa furaha ya mtu aliyepata mtoto. Hakuna makaratasi tena. Hakuna kutembea wawili wawili kama watoto wa shule. Kila ajenti na lengo lake, na atakayelikosa kufikia mwisho wa Machi arudishe kitambulisho cha kazi. Niliinua mkono nikauliza kuhusu usalama wetu.

"Nasambu," akasema, "mtu mzima haogopi mteja."

Muchiri hajawahi kukaa kwenye kochi la mtu.

Basi tukatunga neno letu la siri. Mmoja akiwa kwa mteja, mwenzake anampigia baada ya dakika ishirini na kumuuliza, "Umekula?" Ni swali la kila mtu, hakuna anayelishuku. Ukiwa salama unajibu, "Nimekula." Ukiwa huna amani unajibu, "Sijala." Hapo mwenzako, hata akiwa upande wa pili wa mji, anapaza sauti mpaka isikike nje ya simu: "Tuko kwa geti na manager, shuka!" Mwanamume akisikia kuna watu getini hukumbuka heshima zake. Februari maneno hayo yalinitoa kwa mzee mmoja mtaa wa Olympic. Yalimtoa Fatna kwa fundi mmoja mtaa wa Soweto West. Tuliyaamini.

Kisha Ramadhani ikaingia, na Fatna akagoma.

"Nimefunga, halafu niseme nimekula? Hizo ni dhambi mbili kwa neno moja."

Nikimpigia na kumuuliza kwa mazoea, anacheka. "Sijala, na wewe unajua vizuri." Nami nacheka. Tulisema tutafute neno lingine. Tukasema kesho, tukasema keshokutwa, wiki tatu zikapita. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tulikuwa nao, tukaacha ufa.

Kagiri ni mwenye ploti Kawangware, mzee wa huko huko, shamba aliachiwa na babake akapandisha nyumba za kupangisha za ghorofa tatu zenye geti la buluu. Kanisani hukaa viti vya mbele. Enzi za makaratasi tulimwendea mara tatu na kila mara alinitazama kama nzi aliyeingia kwenye chai. Hakununua kitu. Halafu wiki ya mwisho ya Machi akampigia Fatna mwenyewe.

"Nasikia siku hizi hamtaki shahidi. Si ukuje peke yako tumalize hii maneno."

Fatna alikuwa amebakisha mteja mmoja kufikia lengo. Nilimwambia asiende.

"Ngoja kesho twende wote," nikasema.

"Anasafiri leo jioni. Na ni saa tano asubuhi, Nasambu, mchana kweupe, plot imejaa wapangaji. Wewe nipigie tu."

Saa hiyo hiyo nilikuwa na mteja wangu mtaa wa Ayany, mwenye saluni aitwaye Audrey. Nami pia lengo lilikuwa linaninyonga. Nikaenda kwa mteja wangu. Hilo nalo liandikwe.

Saa tano na dakika ishirini nilikuwa kwenye saluni, simu moja mkononi na nyingine begani, Audrey akimsuka mtu huku akinisikiliza kwa sikio moja. Nikampigia Fatna.

"Shahidi, umekula?"

"Sijala."

Nikacheka. "Wacha vituko."

"Sijala, Nasambu. Sijala kitu."

"Sasa si umefunga? Vumilia, magharibi si mbali."

Nilisikia sauti ya mwanamume kwa mbali, anaongea Kikuyu, kisha simu ikakatika. Nikairudisha mfukoni na kumweleza Audrey kuhusu bima ya moto.

"Nani huyo hajala?" Audrey akauliza.

"Rafiki yangu. Ni Muislamu, amefunga."

"Kama amefunga, mbona unamuuliza kama amekula?"

Alisema kwa utani tu, chanuo mdomoni. Nikaitoa simu mfukoni. Fatna hakuwa amecheka. Wiki tatu nzima Fatna alikuwa akisema sijala huku anacheka, na leo alilisema mara tatu bila kucheka, nami nikamwambia avumilie.

Nikapiga. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Nikapiga tena. Mteja. Nikapiga nikiwa tayari nje, mkoba nimeuacha kwenye kiti cha Audrey, kiatu kimoja kinateleza kwenye maji ya sabuni. Nikarukia bodaboda ya kwanza niliyoiona.

"Kawangware. Usiulize bei."

Njiani nilimpigia Muchiri. Nilimweleza nikipiga kelele kwa sababu ya upepo, na kwa sababu nilikuwa nimeanza kulia.

"Pengine simu imeisha chaji," akasema. "Kagiri ni mteja mkubwa, Nasambu. Usiende huko na drama ukatuharibia."

Nilimtukana kwa Kibukusu, tusi ambalo mamangu hajui kuwa nalijua, nikakata. Naivasha Road ilikuwa imefungwa na lori la mchanga lililokwama. Yule wa boda akapanda kando ya mitaro, akapita katikati ya meza za mitumba, watu wakitulaani. Nilikuwa nikisema kwa sauti, "Tuko kwa geti na manager, shuka. Tuko kwa geti na manager, shuka." Mwenye boda akageuza shingo kunitazama. Nilimwambia aangalie barabara.

Geti la buluu lilikuwa limefungwa. Nicanor, mlinzi wa ploti, alichungulia kwenye tundu.

"Mzee amesema asisumbuliwe. Ako na mtu wa insurance."

Ningeweza kupiga mayowe. Badala yake, sijui kwa akili gani, nilisema yale maneno ya zamani. "Mimi ni shahidi. Fomu haikamiliki kama siko."

"Aah, shahidi," akasema Nicanor, na akafungua. Alikuwa ameniona mara tatu.

Uongo wetu bado ulikuwa unafanya kazi. Ndiyo maana naumia zaidi. Nilipanda ngazi mbili mbili, nikaugonga ule mlango kwa ngumi, kwa viganja, kwa kiatu. Nililiita jina la Fatna mpaka wanawake waliokuwa wakifua nguo pale chini wakapanda kuona kuna nini, povu likiwadondoka mikononi. Mlango ukafunguliwa. Kagiri alisimama pale akijifunga mkanda polepole, uso wake umetulia kabisa.

"Kuna shida gani, msichana? Tumeshamaliza kujaza."

Fatna alikuwa kwenye kochi. Ushungi wake alikuwa ameushika mkononi, ameukunja mara nne kama kitambaa cha mezani. Simu yake ilikuwa juu ya meza, imezimwa. Hakunitazama.

Kagiri alimbaka Fatna. Nalitaja tendo hilo kwa jina lake kwa sababu mtaani watalibandika majina mengine.

Wale wanawake wa kufua walitushusha, mmoja akamfunika kwa leso yake na hakuirudisha. Tukaketi kwenye tuktuk kuelekea hospitali. Nilimshika Fatna mkono, ulikuwa wa baridi na haukunishika.

"Ulipopiga," akasema mwishowe, "mlango ulikuwa bado wazi."

Nikamgeukia.

"Alikuwa kwa dirisha anaongea na simu. Funguo ilikuwa kwa mlango. Nilikuwa naogopa tu kusimama. Nilikuwa nangoja nisikie wewe useme muko kwa geti, ndio nipate miguu." Akaugeuza uso upande wa barabara. "Halafu ukasema nivumilie. Akageuka, akaona nimeweka simu chini."

Watu husema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja kuzaliwa mara mbili. Yalikuwa pale kwenye tuktuk, yamekaa katikati yetu, na ningetoa chochote Fatna anipige kofi. Hakunipiga.

Hospitalini muuguzi alikuwa mpole. Alimpa vidonge vya kuzuia maambukizi na glasi ya maji. Fatna akauliza kama anaweza kuvimeza baada ya magharibi. Muuguzi akasema hapana, mama, kila saa inayopita ni hatari. Fatna akavishika kiganjani kwa muda, midomo yake ikitikisika kwa jambo alilokuwa akimwambia Mungu wake, kisha akameza. Hivyo ndivyo alivyofungua saumu siku ile.

Kituoni tulipokelewa na askari wa kike, daftari kubwa mbele yake. Hakuwa mbaya. Aliuliza pole pole na kuandika pole pole.

"Kuna shahidi?"

Fatna akanigeukia. Mara ya kwanza tangu asubuhi akaniangalia machoni.

"Ni mimi," nikasema.

"Uliona nini?"

"Niliona mlango umefungwa kwa ndani. Nilimwona anafunga mkanda."

"Na kabla ya hapo?"

"Nilimsikia kwa simu. Alisema hajala."

Kalamu ikasimama. "Lakini ni Ramadhan, dada. Si hajala kwa sababu amefunga?"

Ndivyo nilivyosema mimi mwenyewe. Nikaanza kumweleza kuhusu fomu, mstari wa shahidi, app, swali letu na jibu letu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo lilivyosikika kama mchezo wa watoto. Aliandika mstari mmoja. Akasema watamwita mzee Kagiri aje atoe upande wake.

Tukiwa kwenye benchi la nje simu yangu ikalia. Ilikuwa ni kundi letu la kazi, ujumbe wa Muchiri. "Hongera Fatna! Kagiri amesign. Target imefika, wengine wenu igeni mfano." Chini yake ajenti kumi na moja walikuwa wameshapiga makofi. Kagiri alikuwa amejaza nambari ya siri kwenye simu yake baada ya sisi kuondoka, kwa utulivu, kama mtu anayefunga duka. Niliificha simu lakini Fatna alikuwa ameona.

"Mama asijue kabla hajafuturu," akaniambia. "Ana sukari. Acha kwanza ale."

Tulifika Makina adhana ikimalizika. Mama Fatna, Bi Ruweida, alikuwa ametandika mkeka, ametenga tende, uji na mikate ya gurusa iliyofunikwa kwa kitambaa. Alitukaribisha bila kututazama sana, kama anavyotukaribisha siku zote. Akaniambia nikae, nyumba hii ni yangu. Niliketi karibu na mlango. Fatna aliketi mkabala na mamake, ile leso ya mwanamke wa Kawangware bado mabegani, na hakugusa kitu. Bi Ruweida akala tende, akanywa maji, akanywa uji kidogo. Kisha akamtazama bintiye vizuri.

"Fatna. Umekula?"

"Sijala," akasema Fatna.

Sikuamua kusimama. Nilijikuta nimesimama, na sauti iliyonitoka ilikuwa kubwa kupita chumba kile, ilikuwa ile sauti tuliyokuwa tumeifanyia mazoezi Januari huku tukicheka mpaka machozi.

"Tuko kwa geti na manager, shuka! Tuko kwa geti, Fatna! Shuka!"

Fatna alifunika uso kwa mikono yake miwili, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza. Mamake alimtazama yeye, akanitazama mimi, hakuelewa. Akajifunga leso kiunoni, akavaa ndara, akatoka nje kuangalia ni nani aliyekuja getini.