Sabina Hayumo Katika Daftari la Padri

Umepita pale mara ngapi? Usiniambie hujui. Kile kiwanja chenye mawe madogo meupe, juu ya bwawa, kando ya barabara ya ufukweni. Ukifika hapo unapandisha kioo cha gari na kujifanya unatafuta stesheni ya redio. Mama yako alifanya hivyohivyo, ila yeye alifanya ishara ya msalaba kwa kificho, chini ya koti. Mnajua kilichomo mle. Mnajua na mmenyamaza, na sasa kampuni ya kokoto inataka kupachimba.

Attracta Gaughan hakunyamaza. Hakuwa msomi, kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya hospitali. Kwa wiki nne, kila alipotoka kazini alikwenda maktaba ya mjini, akaketi mbele ya mashine ya kusomea madaftari ya zamani ya kanisa, koti mwilini, kama mtu aliyeambiwa basi linaondoka sasa hivi. Alisimama, akaketi tena. Akatoka kuvuta sigara, akaitupa kabla haijafika nusu.

Halmashauri ilikuwa imemjibu kwa mistari mitatu: ramani haionyeshi makaburi mahali hapo, masimulizi ya wanakijiji si ushahidi, na mapingamizi yatapokelewa hadi Ijumaa saa kumi jioni.

Masimulizi si ushahidi. Na nani aliyetuachia kingine? Sensa zetu ziliungua Dublin mwaka wa 1922. Mafaili ya askari yaliungua London, mabomu yalipoanguka. Na mtoto aliyekufa kabla ya kumwagiwa maji ya ubatizo alinyimwa kaburi la kanisa. Baba yake alimbeba peke yake, kwenye sanduku la sabuni, akamfukia bila sala wala jiwe lenye jina. Leo mjukuu anaulizwa, karatasi iko wapi?

Basi Attracta akatafuta kinyume. Wamarekani wanaokuja kila kiangazi kufuatilia mababu zao hapa Ireland hutafuta majina yaliyomo. Yeye alitafuta yasiyokuwemo. Alichukua daftari la serikali la vizazi na vifo, akalilinganisha na daftari la ubatizo, jina kwa jina, miaka sitini. Watu wetu walimbatiza mtoto siku ileile au kesho yake, hata kwenye theluji. Kwa karani wa serikali walikwenda walipokumbuka. Kwa hiyo mtoto mchanga aliyekuwemo kwa karani, akiwa amezaliwa na kufa, na hayumo kwa padri, alikuwa amelala mahali pamoja tu.

Alipata kumi na mmoja. Wa saba alikuwa Sabina Gaughan, Februari 1916, aliyeishi siku mbili. Mama, Nora. Baba, Dominick.

Hao walikuwa bibi na babu yake. Hakuna aliyewahi kumtajia Sabina.

Na penye kazi ya baba paliandikwa: askari. Attracta alisoma mara tatu. Nyumbani kwao kila mtu alijua kwamba miaka ile ya vita babu alikuwa Uskoti, akivuna viazi.

Aliandika London, kwa wanaotunza mafaili ya askari yaliyonusurika moto. Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya mwisho, picha za faili zikamfikia, kingo zikiwa nyeusi kwa moto. Urefu wa babu, kifua chake, meno yake mabovu. Kisha barua. Jeshi lilikuwa limemtaka Nora alete cheti cha ubatizo ili mtoto aandikwe kwenye posho ya mumewe, naye akajibu kwa mkono wake:

"Bwana, cheti hakipo wala hakitakuwepo. Mtoto alikufa kabla padri hajavuka ghuba. Anaitwa Sabina. Tumemlaza Ua wa Watoto pamoja na wenzake wasiobatizwa. Mwambieni baba yake."

Attracta aliipigia simu halmashauri. Karani akamwambia kwamba Ua wa Watoto haupo kwenye ramani. Alete mzee wa kuapa kwamba ndicho kiwanja hichohicho.

Mzee aliyebaki ni mmoja, Malachy, mdogo wa marehemu baba yake, mwenye miaka themanini na saba. Alimkuta jikoni akimenya yai, redio ikitangaza vifo vya wiki.

"Ngoja kwanza," Malachy alisema. "Sijajua kama nimo."

Attracta alitembea kati ya dirisha na mlango hadi matangazo yakaisha.

"Kaa, mwanangu. Unanitia kizunguzungu."

"Sikai, ba'mdogo. Babu alikuwa askari wa Mwingereza."

Yai likabaki mkononi. "Nani kakwambia?"

"Mwingereza mwenyewe."

"Na huyo tangu lini anasema kweli?"

"Viazi gani vinavunwa miaka minne?"

"Vilikuwa vingi." Alilitazama yai. "Alirudi, akamgeukia Mwingereza kwa bunduki ileile aliyofundishwa. Hilo ndilo linalosomwa. Kila Pasaka, tukiwakumbuka waliompiga Mwingereza ili tuwe huru, nabeba bendera, na jina lake linatajwa la kwanza. Unataka jirani zetu kina Barrett wanicheke hadi kaburini?"

"Wewe kaburi utapata, ba'mdogo. Lenye jiwe na jina."

Akamsomea barua. Malachy hakula tena.

"Mama alikuwa akienda kule na ndoo," alisema mwishowe. "Anafuata maji, anasema. Kule hakuna maji ya kunywa." Akajifuta mdomo. "Alisema tu 'yule mdogo'. Sikujua ni msichana."

"Watataka sahihi yako. Na barua itasomwa na kila mtu."

"Nimekusikia. Nipe koti. Si hilo, hilo ni la kulishia ng'ombe."

Saa nane walikuwa dirishani kwa karani, kijana mpole mwenye tai. Malachy aliapa, akaonyesha kwenye ramani kwa ukucha: ukuta huu, bwawa hili, hapa. "Ni dada yangu," alisema, kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia. Karani akagonga muhuri.

"Kaburi moja limethibitishwa. Hawa kumi wengine, jamaa zao wako wapi?"

"Wanapita pale kila siku na magari yao," Attracta alisema.

"Wasipokuja, kampuni itaweka uzio kwenye kaburi hilo moja. Kwingine kote watachimba."

"Utajuaje lipi ni lake?" Malachy aliuliza.

Karani akaikunja ramani.

Majina yamebandikwa mlangoni mwa posta. Lavelle wawili, Barrett watatu, Padden, Munnelly, Cafferkey, Reilly, Ginty. Attracta amesimama hapo nje, anamzuia kila mpitaji, na wengi wanamwambia wana haraka. Mmoja kati ya hao kumi ni wa kwenu. Usimngoje kaka yako aanze, usimngoje padri akuruhusu. Chukua kitambulisho, nenda mjini, useme mbele ya watu kwamba yule ni wako. Dirisha linafungwa kesho saa kumi. Inuka uende sasa.