Kibao cha Chumvi

Duka letu lipo mtaa wa Kwa Mathias, pembeni ya barabara ya vumbi inayotoka kwenye lami kwenda makaburini. Aliyechagua mahali hapo ni bosi wetu, Leodegar, ambaye anaishi Dar. Makaburi hakuyaona kwa sababu alikuja kukagua kiwanja akiwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Mimi nilimwambia. Akasema wafu hawana neno na mtu. Ni kweli, wafu hawana neno. Wenye neno ni wanaowabeba.

Naitwa Tunu, mimi ndiye msimamizi wa duka. Mwaka jana tuliwekewa mfumo mpya. Karatasi za bei zilibanduliwa kwenye rafu, vikawekwa vibao vidogo vya umeme ambavyo nabadilisha bei zake kwenye kompyuta bila kunyanyuka kwenye kiti. Juu ya mlango ikatundikwa skrini kubwa ya matangazo pamoja na spika yake, nayo inaendeshwa na programu hiyohiyo. Sikatai, ni kazi nzuri. Zamani sukari ikipanda nilikuwa nazunguka na kalamu na gundi mpaka kiuno kinalia. Ubaya wake ni mmoja: skrini haizimwi tangu duka linapofunguliwa mpaka linapofungwa. Kampuni za juisi na sabuni zimelipia, na ikizimwa hata kidogo Leodegar anapata taarifa kwenye simu yake.

Sasa, kwenye barabara yetu jeneza likipita, kinyozi anazima redio, fundi cherehani anasimama, wenye maduka wanarudisha mlango nusu. Hakuna aliyefundishwa, ndivyo tulivyokuta. Siku alipozikwa Bi Sikuzani, dada yake Mzee Matano, kila mtu alifanya hivyo, ila skrini yetu iliendelea kuonyesha vijana wanakata viuno na chupa za juisi mikononi, muziki juu. Jeneza likapita mbele yao. Mimi nilikuwa stoo napokea mzigo. Nilipotoka nikakuta migongo ya watu wa mwisho.

Mzee Matano ndiye anayesimamia mazishi mtaani kwetu. Yeye ndiye anayesema nani achimbe, nani abebe, nani apeleke habari kwa ndugu wa mbali. Kesho yake alikuja dukani akasimama mbele yangu.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. "Tunu, mama yako bado anaumwa?"

"Bado."

"Mungu amponye. Siku yake ikifika jeneza mtaibebesha hiyo televisheni yenu?"

Akaondoka bila kununua kitu. Maneno yale yaliniuma, lakini zaidi yaliniogopesha. Mama alikuwa ameshavimba miguu, na hospitali walikuwa wametuambia tumrudishe nyumbani. Sisi pale ni wakuja, asili yetu Kisarawe. Mimi ni mtoto pekee, sina kaka, sina mume, na kwetu mwanamke habebi jeneza. Usipozika wenzako, wako atazikwa na nani? Wiki ile hata jirani aliyezoea kumletea Mama uji alipita mlangoni kwetu akitazama mbele.

Nikampigia simu Leodegar, nikamwomba ruhusa ya kuzima skrini jeneza linapopita.

"Wateja wa matangazo nitawaambia nini?" akauliza.

"Waambie kuna mtu amekufa."

"Tunu, kila siku anakufa mtu."

Asiyejua maana haambiwi maana. Nikakata simu kabla sijasema la kufukuzwa kazi.

Njia niliipata kwa bahati, siku ambayo sikuwa naitafuta. Ile programu ina akili yake: ukituma bei mpya kwenye rafu, skrini ya nje inaacha matangazo kwanza, inakuwa nyeupe, kimya, na maandishi madogo chini: *Subiri kidogo, bei zinasasishwa.* Inafanya hivyo ili tangazo lisitaje bei moja na rafu nyingine. Kibao kikishajibu, matangazo yanarudi. Vibao vingi vinajibu palepale. Cha chumvi hapana. Kimebandikwa nyuma ya friji kubwa, mawasiliano hayakifikii vizuri, nacho kinajibu kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nilituma bei ya chumvi asubuhi moja, nikatoka nje, nikafagia kibaraza chote, na skrini bado ilikuwa nyeupe.

Kwa hiyo nikamwambia Hamza, mlinzi wetu, kwamba akisikia watu wanakuja na "Lailaha illallah" kutoka kona ya msikiti, agonge kioo. Akigonga, nafungua chumvi, naandika bei ileile iliyokuwepo, natuma. Skrini inakuwa nyeupe kama sanda, watu wanapita na mtu wao. Leodegar hapati taarifa yoyote, maana skrini haijazimwa. Inasubiri chumvi.

Mara ya kwanza nilisimama mlangoni na mtandio kichwani. Mzee Matano alikuwa mbele, ameshika mguu wa jeneza. Alitazama skrini, akanitazama mimi, akaendelea na safari yake. Sikupewa asante na sikuitegemea. Mazishi yaliyofuata nikafanya vilevile, na mengine. Jirani wa uji akarudi, akasingizia kwamba alikuwa amesafiri. Nikamjibu kwamba safari yake ilikuwa fupi, maana kila siku nilimwona bombani.

Halafu akaja Ambokile. Huyu ni fundi wa mfumo, kijana wa Mbeya anayefanya kazi ofisini kwao Dar, mpole, anayependa kila kitu kikae sawa. Alikuja na kibao kipya mkononi.

"Dada Tunu, kibao chako cha chumvi ni kibovu. Kila mara unatuma bei, kinachelewa. Na kinachonishangaza, unatuma bei ileile. Chumvi yako ina nini?"

"Kiache hicho."

"Nimetumwa kukibadilisha."

Sikuwa na uongo wa kumpa. Nikamshika mkono nikamtoa nje, nikamwonyesha barabara, nikamwonyesha skrini, nikamweleza. Nilieleza kwa hasira, kama vile yeye ndiye aliyeleta vijana wa juisi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudisha kibao kipya kwenye begi.

"Nitaona," akasema, akapanda gari lake.

Nitaona. Neno hilo lilininyima raha. Kila simu ya Leodegar niliipokea nikijua ni siku yangu ya mwisho.

Mama alifariki alfajiri ya Alhamisi. Nilimtuma binti wa jirani kwa Mzee Matano, nikatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la dukani, nikarudi kukaa naye. Matano alifika jua halijachomoza vizuri. Alisema maneno machache: atazikwa baada ya adhuhuri, Kisarawe wameshapigiwa, mimi nisihangaike na kitu. Nikataka kumuuliza kama kuna watu watakaokuja. Niliogopa jibu.

Waliomwosha walimaliza, wakamvika sanda. Mimi nilikuwa chumba cha ndani na wanawake, mlango una pazia, ya nje siyaoni. Matano akaongea kutoka upande wa pili.

"Tunu mwanangu, tunamchukua mama."

Nikaitikia. Sauti zikanyanyuka, zikaanza kwenda. Na hapo ndipo nilipokumbuka skrini. Wenzangu walikuwa wamefungua duka kama kawaida, lakini neno la siri la kompyuta lilikuwa kichwani mwangu peke yangu. Hamza angegonga kioo na ndani kusingekuwa na mtu wa kutuma bei. Nilijiona mjinga kuliko wajinga wote. Majeneza ya watu wengine niliyapitisha salama, na mama yangu mzazi ndiye atakayechezewa ngoma. Machozi yalikataa kutoka, nilikuwa na ghadhabu tupu. Wanawake wakaniambia nilie, nikawaambia waniache.

Alasiri simu ikaita. Ilikuwa Ambokile.

"Dada Tunu, nimeona ujumbe wako kwenye kundi, pole sana. Mungu amlaze mama mahali pema."

"Asante."

"Nilikuwa kwenye kompyuta hapa ofisini Dar, Hamza yuko kwenye simu. Walipokata kona nikatuma chumvi. Nimeituma mara tatu, dada. Ya kwanza iliisha bado wanapita, na ya pili pia. Hamza anasema walikuwa wengi, wamejaza barabara mpaka kwenye lami."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia mbele ya watu wote na simu sikioni, na yeye akangoja, hakukata. Nilipopata sauti nikamuuliza la kazini. Nikamuuliza chumvi ameiwekea bei gani.

"Ileile, dada," akasema. "Ileile."